Farumi

Baba yangu, Goulven, fundi wa mapaa aliyestaafu,
miezi minne sasa anajenga tundu.
Majirani wanachungulia juu ya ukuta wa mawe,
wanauliza mashua iko wapi,
naye anawaonyesha sanduku lililojaa saruji,
na ndani ya saruji, pango laini
lenye umbo la bilingani lililolazwa ubavu.
"Hii ndiyo mashua," anasema. "Iliyobaki ni mbao tu."

Alianza na gogo la msonobari. Akachonga, akapiga randa,
akafumba macho, akapapasa kama mnunuzi wa tikiti,
akasema hapa pamevimba, akachonga tena.
Nene mbele, nyembamba nyuma: maji, anasema,
hupenda kuagwa taratibu.
Kisha nta, tabaka sita. Kisha saruji.
Kisha kungoja.

Maana adui ni unyevu. Tone moja
lililojibanza kwenye kona ya kalibu
likikutana na risasi iliyoyeyuka
hulipuka mvuke, likakurushia moto usoni.
Na hapa Douarnenez hata mkate hushika ukungu kabla ya jioni.
Basi kalibu ikalala sebuleni kando ya jiko, wiki tano,
tukiiruka kwenda mezani,
paka akaifanya kitanda.

Risasi tuliiokota kama kuni:
vipande vya kusawazisha magurudumu, kutoka gereji ya Youenn,
mabomba ya nyumba ya watawa iliyouzwa,
mabamba ya mapaa aliyoyaezua kwa mikono yake.
Risasi, neno moja tu,
kwa kile kinachoangusha mtu
na kile kinachoizuia mashua isilale.
Zilihitajika kilo mia moja themanini na sita.
Tulipima kwa mizani ya bafuni:
mimi nasimama nimekumbatia ndoo,
kisha ananitoa mimi.

"Na ule mkanda?" nikauliza.
Mkanda wa mama wa kuzamia,
vizito sita, msumarini bandani
tangu Machi ile.
Hakujibu. Akaenda kuchochea moto
usiohitaji kuchochewa.

Jumamosi upepo ukatokea bara, ukabeba moshi baharini.
Tukamimina.
Kumimina hakuna kupumzika. Ukisita,
tabaka la chini huganda, la juu hulikalia kama mgeni,
na siku moja kwenye mawimbi huachana.
Alijua hilo. Nami nilijua.
Sufuria ikakauka, kalibu bado ina pengo
la vidole viwili.

Hakunitazama.
"Azenor," akasema. "Msumarini."

Nikakimbia. Bizimu ilikuwa bado na chumvi.
Youenn akaushikilia mwali wa gesi juu ya kalibu, uso usigande,
na baba akavifuta vile vizito kwa shati lake, kimoja kimoja,
nyuma ya masikio, ningesema, kama vingekuwa na masikio.
Cha nne kilikuwa na herufi za mama,
alizozikwaruza kwa kisu cha kubandulia chaza.
Zilitazama juu kidogo kutoka sufuriani.
Kisha hazikuwa herufi.

Siku mbili baadaye tukaivunja kalibu kwa nyundo.
Donge likatoka kijivu, lina kovu ubavuni
urefu wa kidole gumba.
Baba akaligonga kwa kifundo, akasikiliza.
"Litashika."

Mizani ya soko la samaki ilisema mia moja tisini na moja.
Limezidi kilo tano.
Mashua itakaa chini zaidi majini kwa unene wa ukucha,
hakuna jicho litakaloona.
Nilidhani atachukua tupa.

Akachukua brashi na kopo la rangi ya buluu,
akalala chali chini ya mashua,
na mstari wa maji, ambao alikuwa ameshaupaka,
akaupaka upya,
juu kidogo.